Kiungo cha Kufunga: Mhadhara kuhusu Nundu ya Kidole Gumba cha Mguu



Kabla sijaanza, naomba kila mmoja avue kiatu cha kulia. Msione haya, soksi yenye tundu haitaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Sasa utazame mguu wako kwa juu, kama unavyoutazama unapotawadha au unapojipaka mafuta asubuhi. Kidole gumba kimeelekea wapi? Kwa wengi wenu kinatazama mbele, au kimeinama kidogo tu. Lakini naona kule safu ya tatu kuna watu wameshaanza kuficha miguu chini ya viti. Hao ndio wageni wangu wa heshima leo.

Kwao kidole gumba kimeyaacha mapito yake na kuvilalia vidole vingine, na upande wa ndani wa mguu, pale kinapoanzia, kumetokeza nundu. Kiatu kikiigusa inakuwa nyekundu, na jioni inawaka moto. Kila wiki kliniki nasikia maneno yale yale: "Daktari, mfupa umeniota mguuni, naomba uukate." Hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu hakuna mfupa ulioota. Mfupa ni ule ule uliozaliwa nao. Umehama.

Shika mguu wako. Weka kidole cha mkono pale kidole gumba kinapoanzia, panapokunja ukisimama kwa ncha za vidole. Hicho nitakiita kiungo cha mbele. Sasa weka kidole kingine juu ya mfupa mrefu unaotoka hapo kurudi nyuma, uufuate upande wa ndani mpaka karibu na katikati ya mguu, chini ya kamba za kiatu. Utagusa ukingo mdogo, kama mahali mbao mbili zilipokutana. Hicho ni kiungo cha nyuma. Mfupa ulio kati ya viungo hivyo ndio vitabu huuita metatarsali ya kwanza, na mhadhara wangu wote upo kati ya vidole vyako hivyo viwili.

Mfupa huo una jambo la ajabu: kichwa chake, ule upande wa mbele, hakikushikwa na msuli hata mmoja. Misuli na kano zote hupita juu, chini na pembeni mwake kwenda kukishika kidole. Kimekaa katikati yao kama mtu aliyesimama kwenye umati, akitegemea kusukumwa sawasawa kutoka pande zote. Siku upande mmoja ukilegea, kichwa kinateleza kuelekea mguu wa pili, na kidole kinavutwa kinyume chake. Baada ya hapo mambo hujiendea yenyewe. Kano iliyokuwa ikinyoosha kidole sasa imepita kando ya mhimili wake, imekuwa upote wa upinde, na kila hatua unayopiga inaukaza upinde huo zaidi. Ndiyo maana nundu ya mtu wa miaka 30 haifanani na ya mtu huyo huyo akiwa na miaka 60.

Tunapima pembe mbili kwenye picha ya eksirei, iliyopigwa mgonjwa akiwa amesimama, maana mguu usiobeba mwili hausemi kweli. Pembe ya kwanza ni kati ya kidole na metatarsali yake. Ikizidi nyuzi 15 tunasema ugonjwa upo, ikizidi 40 ni mkubwa. Ya pili ni kati ya metatarsali ya kwanza na ya pili. Hiyo kwa mguu usio na nundu huwa chini ya nyuzi 9 au karibu na hapo. Kuna na jambo la tatu ambalo kwa muda mrefu halikupewa uzito wake: mfupa hauhami kando tu, mara nyingi unajizungusha pia. Chini ya kichwa chake kuna vijifupa viwili vidogo kama punje za kunde, vinavyokaa kwenye mifereji yao. Mfupa ukijizungusha, vijifupa hivyo vinaachwa nje ya njia. Ukimwona mtu ambaye ukucha wa kidole gumba hautazami tena juu bali umegeukia mguu wa pili, huo mzunguko unauona kwa macho bila mashine.

Nani wa kulaumiwa? Viatu, kwa sehemu. Huko Cambridge, Uingereza, wataalamu walichunguza mifupa ya watu 177 waliozikwa katika zama za kati, wakachapisha matokeo mwaka 2021. Waliozikwa kati ya karne ya 11 na ya 13 walikuwa na alama za nundu kwa asilimia 6 tu. Waliozikwa karne ya 14 na ya 15, asilimia 27. Katikati hapo ilikuwa imeingia fasheni ya viatu vyenye ncha ndefu, ndefu kiasi kwamba mwaka 1463 mfalme Edward wa Nne aliweka sheria ya kuzipunguza jijini London. Na waliozikwa kwenye nyumba ya watawa, baadhi yao watu tuliodhani wameipa dunia kisogo, ndio walioongoza kwa nundu! Karne tano baadaye, mwaka 1958, madaktari Sim-Fook na Hodgson waliwalinganisha Wachina wa Hong Kong waliovaa viatu na waliotembea pekupeku. Wenye viatu, 33 katika kila 100 walikuwa na nundu. Pekupeku hawakufika 2.

Kwa hiyo mchuchumio una kesi ya kujibu. Lakini msiufunge maisha. Bibi yangu hakuwahi kuvaa kiatu cha kufunika vidole hadi anaingia kaburini. Alijua makubadhi na ndala basi, na alikuwa na nundu miguu yote miwili. Mama anazo. Na mimi, kama mmetambua, ndimi peke yangu humu ndani ambaye sijavua kiatu. Umbo la mguu na ulegevu wa kano hurithiwa, wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, kisha kiatu chembamba kinakuja kumalizia kazi ambayo ukoo umeianza.

Nipite haraka kwenye tiba zisizo za kisu, si kwa kuzidharau, ila kwa kuwa hazina siri. Kiatu kipana mbele. Soli ngumu kidogo. Kipande cha sponji kati ya kidole cha kwanza na cha pili. Hivi hupunguza maumivu, na wengi hawatahitaji zaidi ya hapo. Havinyooshi kidole cha mtu mzima, hata kama tangazo la simuni linaonyesha picha mbili za kabla na baada. Halafu hakikisheni mnachotibu ni nundu. Kiungo hicho hicho cha mbele ndicho jongo hupenda kukivamia, ghafla, usiku, kwa uchungu wa kumfanya mtu asistahimili hata shuka. Nundu haina haraka hiyo.

Sasa kisu. Upasuaji wa nundu uliokwisha kuelezwa katika majarida ni zaidi ya aina 100. Ukisikia tatizo moja lina dawa mia, ujue kwa muda mrefu hakuna iliyotosha. Wengi walianza na lile lile analoniomba mgonjwa: kukata kinachotokeza. Ni sawa na fundi aliyeitwa kwenye nyumba ambayo nguzo imeinama na ukuta umefura, naye akachonga plasta ya pale palipofura, akapaka chokaa, akalipwa, akaondoka. Nguzo bado imeinama. Baada ya muda ukuta unafura tena, na safari hii mwenye nyumba amekwisha tumia pesa.

Wengine waliukata mfupa wenyewe na kuusogeza kipande, na kwa nundu ndogo na za kati njia hiyo inafanya kazi nzuri, naitumia. Lakini leo nimekuja kuzungumzia njia nyingine, ambayo mwanzoni inamshtua kila mtu: kufunga kiungo. Kukiua kabisa, mifupa miwili iwe mmoja. Mtu anaumwa kwenye kiungo cha kidole, nawe unamwambia dawa ni kukifanya kiungo kisikunje tena maisha yake yote. Lazima ashtuke.

Mwaka 1894 Henry Clutton, mpasuaji wa hospitali ya St Thomas' jijini London, aliandika jinsi anavyotibu nundu kwa kukifunga kiungo cha mbele. Skrubu za kazi hiyo hazikuwapo. Alishikiza mifupa kwa vijiti vya pembe ya ndovu. Miaka hiyo soko kubwa la pembe katika Afrika ya Mashariki lilikuwa Unguja, na London ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa. Msikilizaji ajumlishe mwenyewe.

Kufunga kiungo cha mbele ni upasuaji mzuri, na sitaki niondoke hapa mkidhani nimeuponda. Kwa mtu ambaye gegedu la kiungo hicho limekwisha kulika, au mwenye baridi yabisi iliyovuruga vidole vyote, au aliyepasuliwa mara mbili na nundu ikarudi, mara nyingi ndio unaomwondolea maumivu kwa uhakika zaidi. Kidole hufungwa kikiwa kimeinuka kidogo kutoka sakafuni, kama nyuzi 10 hadi 15, na kimeelekea kidogo kwa wenzake, ili mtu aweze kutembea bila kuchechemea. Na hutembea. Wapo wanaokimbia.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa kijana na nimejaa imani, nilimfunga mama mmoja kiungo cha mbele cha mguu wa kulia. Alikuwa muuza maandazi, mtu wa kusimama mbele ya karai tangu alfajiri. Kiungo kilikuwa kimelika vibaya, kwa hiyo kwa vitabu nilikuwa sahihi. Mfupa uliunga. Picha ya eksirei ilipendeza mpaka niliwaonyesha wanafunzi. Alipokuja mwezi wa sita nilimuuliza maumivu vipi, akajibu hana. Anatembea? Anatembea. Anafanya kazi? Anafanya. Basi, nikamwambia, tumemaliza.

"Hatujamaliza, mwanangu," akasema. Akafungua mkoba, akatoa kanga, akaitandika kwenye sakafu ya kliniki, akakaa kama akaavyo kwenye attahiyatu ya mwisho ya swala. Mguu wa kushoto ameulaza, umepita chini ya wa kulia. Mguu wa kulia unatakiwa kusimama kwa vidole, vidole vimekunjwa vikielekea kibla. Vidole vinne vilikunja. Cha tano, kile nilichokinyoosha kwa ufundi wote huo, kilisimama kama msumari, na kisigino kikaanguka upande. Kisha akasujudu nione. Katika sijida mtu huweka chini paji la uso, viganja, magoti na vidole vya miguu yote miwili. Yeye mguu mmoja ulikuwa umeegemea ncha ya ukucha.

"Shehe ameniambia nina ruhusa, nikae niwezavyo," akasema akiwa bado chini. "Najua ruhusa ipo. Ila miaka hamsini nimekaa hivi. Ungeniambia."

Sikumuuliza anaswalije. Nilimuuliza anavaa kiatu gani, swali lililomo kwenye kitabu, na waandishi wa kitabu hicho walikuwa wakiwafikiria watu wa viatu. Sikumuuliza kama huchuchumaa chooni, kama hukalia mbuzi kukuna nazi, kama shambani hupiga goti moja huku mguu wa nyuma umesimama kwa vidole. Vyote hivyo hufanywa kwa kiungo cha mbele. Kiungo hicho kwa mguu mzima huinuka nyuzi 60 na zaidi, na sisi watu wa kukaa chini tunazitumia zote.

Tuhamie kwenye kidole chenu cha pili, kile mlichokiweka kwenye kiungo cha nyuma. Jaribu kukichezesha. Hakichezi, au kinacheza kidogo mno. Na bado, kwa wenye nundu kubwa, hapo ndipo metatarsali inapoanzia kupotoka. Fikiria mlango uliolegea bawaba: kwenye bawaba kuna nafasi ya kupitisha kucha tu, lakini kwenye kitasa mlango umeachana na fremu kwa upana wa kiganja. Nundu ni kitasa. Unaweza kukichonga kitasa mpaka kesho.

Aliyeipa jina njia ya kukifunga kiungo hicho cha nyuma ni Paul Lapidus, daktari wa New York, katika makala yake ya mwaka 1934. Namheshimu kwa jambo moja hasa: aliandika wazi kwamba si yeye wa kwanza, akawataja waliomtangulia, akiwamo Albrecht aliyeandika mwaka 1911. Dunia haikumsikiliza, upasuaji ukaitwa Lapidus hadi leo. Aliamini mguu wenye kiungo cha nyuma kilicholegea ni mabaki ya mguu wa mababu wa kale waliopanda miti, kidole gumba kikishika tawi kama cha mkono. Mimi hadithi hiyo naipenda kuliko ninavyoiamini. Yeye alishikiza mifupa kwa uzi uliosokotwa kwa utumbo wa mnyama. Sisi tuna skrubu na mabamba ya titani.

Mmewahi kuwatazama mafundi wa kuchomelea vyuma pale mtaani Gerezani? Fundi mzuri hagusi moto kwanza. Anashika brashi ya waya, anakwangua kutu na rangi mpaka chuma kinang'aa. Kazi yetu ndiyo hiyo. Mgonjwa amechomwa ganzi ya mgongo au kapewa nusu kaputi, paja limebanwa kwa mpira ili damu isifunike kazi. Tunachana ngozi upande wa juu au wa ndani wa mguu, tunakifungua kiungo, na ndani tunalikuta gegedu: jeupe, laini, linateleza, kama nyama ya dafu. Ni zuri, na lazima liondoke lote, pande zote mbili, mpaka chini kabisa ambako jicho halifiki vizuri. Kiungo hiki kina kina kuliko kinavyoonekana, na mwanafunzi mwenye haraka huacha kipande pale chini. Kisha tunautoboatoboa mfupa kwa keekee nyembamba ili uweze kuvuja damu, kwa sababu mfupa mkavu hauungi na mwenzake.

Halafu ndipo tunaponyoosha. Metatarsali inasukumwa irudi karibu na ya pili, inazungushwa mpaka ukucha utazame juu, na, hili nawasisitizia wanafunzi kila mwaka, inashushwa kidogo. Kule kukwangua kumeufupisha mfupa kwa milimita kadhaa. Ukiuacha umefupika na umeinuka, hautagusa chini vizuri. Uzito wake utahamia kwa jirani, na mgonjwa atarudi kidole kimenyooka vizuri kabisa lakini ana sugu lenye maumivu chini ya kidole cha pili. Ukiridhika, unashikiza kwa waya za muda, unapiga picha palepale mezani, ndipo unaingiza skrubu mbili zilizopishana au bamba. Na kiungo cha mbele? Kano za upande wa nje zilizokaza huenda zikalegezwa, nundu ikapunguzwa kidogo ikibidi. Kinabaki hai, kinakunja.

Njia hii si ya kila mguu. Kiungo cha mbele kikiwa kimelika, kukinyoosha hakutamsaidia mtu. Huyo anahitaji kufungwa pale pale mbele, kama nilivyomfunga mama yule. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, au ambaye mapigo ya mshipa juu ya mguu hayapatikani, asiguswe kwanza. Mvuta sigara namwambia aache wiki kadhaa kabla na aendelee kuacha baada, kwa sababu moshi huinyima mifupa damu ya kuungia. Hata kwa wasiovuta, mara nyingine mifupa hukataa kuungana. Ripoti nyingi huweka idadi hiyo chini ya 10 katika kila 100, na baadhi yao hulazimika kurudi mezani. Na anayetaka kupasuliwa kwa ajili ya urembo tu, mguu haumuumi, huyo namwagiza akanunue kiatu kizuri kwa pesa hizo.

Kinachowashinda wengi ni wiki za baada. Mfupa huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga. Zamani kila mmoja alifungwa hogo na kutembelea magongo wiki 6 bila kukanyaga. Siku hizi, mabamba yakiwa imara na mfupa mzuri, baadhi huruhusiwa kukanyaga mapema wakiwa ndani ya buti maalumu. Kiatu cha kawaida, miezi mitatu hivi. Uvimbe wa jioni unaweza kumfuata mtu karibu mwaka. Sasa mtu huyo anaishi wapi? Choo chake cha kuchuchumaa, uani, na njia ina utelezi? Nani atachota maji? Mwanamke akiniambia "nitajikaza", namwomba arudi na mtu wa nyumbani kwake, niongee na huyo. Mume mmoja nilimkabidhi ndoo mkononi, mbele ya mkewe, ajifunze uzito wake. Alicheka, lakini aliishika.

Yule mama wa maandazi alirudi baada ya miaka miwili. Safari hii ni mguu wa kushoto. Sikutarajia kumwona tena, na nilipoliona jina kwenye faili niliisoma picha ya eksirei mara tatu kabla ya kumwita. Kiungo cha mbele kilikuwa bado kizima, gegedu lipo. Metatarsali ndiyo iliyokuwa imetoroka.

Aliingia, akakaa, akavua kiatu kabla sijamsalimu sawasawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huu nao utaufunga wapi?"

Nikamchorea mguu nyuma ya kadi yake, nikatia alama pale katikati. Aliutazama mchoro, akautazama mguu wake, akapapasa mpaka akaupata ule ukingo mdogo. Kisha akatoa kanga mkobani, akaitandika, akasujudu pale pale, mkono mmoja ameurudisha nyuma, kidole kikiwa juu ya kile kiungo. Akainuka, akakaa, akasujudu tena. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni na faili la mgonjwa mwingine, tukamsubiri.

"Hapa hapachezi," akasema. "Funga."